Vijiti vya Mforosadi Unavyompelekea Mama Yako

Nambambo, Nachingwea
Alasiri, kesho unaondoka

Somoe mwanangu,

Kwanza kaa chini. Pili, toa hayo madude masikioni. Najua unasoma huku unasikiliza muziki, na najua umeshaanza kujiuliza baba ana wazimu gani wa kumwandikia barua mtu anayekwenda Ruangwa. Shangazi yako Mwanaidi amenikuta na kalamu hapa barazani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, mtoto anakwenda hapo tu Ruangwa, siyo Uarabuni! Ukimkumbuka si unapanda basi asubuhi, mchana umeshamwona?"

Nimemwambia aniondokee. Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni kwenda Masasi kutazama vitenge hawezi kunifundisha mimi safari. Mimi nimelala Lubumbashi. Nimekula samaki wa Zambezi akiwa bado anapepesa macho. Nimefukuzwa na tembo kule Kilimarondo nikiwa juu ya baiskeli ya kuazima isiyo na breki, na tembo ndiye aliyechoka. Miaka kumi na moja ya utingo wa malori si mchezo, na yote hayo nimeyafanya na darasa langu la tano. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba safari yako ya kesho ni ngumu kuliko zangu zote, uniamini.

Mambo ya kupika, kufua, kutembea na mtu gani na kurudi saa ngapi, shangazi zako wamekumiminia tangu Jumatatu. Mpaka kuku wamekariri. Kazi ya kufundisha chekechea unaijua mwenyewe, mimi naogopa watoto wakizidi wanne. Sitagusa huko.

Nina jambo moja tu. Hivyo vijiti.

Jana nilikukuta nyuma ya nyumba umekata vijiti kumi na viwili vya mforosadi, umevisokomeza kwenye kiroba cha unga, na majani yake yote yapo! Yote! Nimekulea chini ya mti ule, Somoe. Hata mbuzi wa Mama Shabani anajua kijiti cha kupanda hakisafiri na majani, kitakauka kabla hujafika stendi. Nilitaka kuanza na hilo. Lakini nikauliza, "Vya nini hivyo?"

Nawe, bila hata kuinua kichwa, ukasema, "Vya Mama. Zawadi kutoka kwenye mti wako. Apande kule, naye ale forosadi. Nitamsimulia ulivyoutoa Malawi."

Nimewahi kupinduka na lori lenye shehena ya saruji, nikatoka kupitia dirishani nimeshika kofia. Sikushtuka kama nilivyoshtuka jana.

Na nimejaribu kukuambia. Mara tatu! Jana hiyo hiyo nilisema, "Somoe, huo mti..." Ukanikata: "Ulikuja kwenye kopo la maziwa, Baba, chini ya kiti cha dereva. Naijua." Leo kwenye chai nikasema, "Mwanangu, habari ya Malawi ile..." Ukasema, "Askari wa mpakani akauliza kama ni bangi, ukamwambia ni mswaki. Baba, nachelewa kwa Bibi." Mara ya tatu ulikuwa umeshapanda bodaboda ya Marambo kwenda kumuaga bibi yako. Nikapiga kelele katikati ya njia, watu wananitazama: "Mti si wangu!" Wewe ukapunga mkono.

Sasa nimlaumu nani? Nimekusimulia uongo ule mara nyingi na kwa utamu mno hata unakumbuka mahali mimi mwenyewe ninaposahau. Ile ya mswaki nilikuwa sijaikumbuka miaka mingi. Ndiyo maana naandika. Karatasi huwezi kuiambia "naijua" ukaondoka.

Haya. Mti ule aliuleta mama yako.

Hakuna kopo la maziwa. Hakuna askari. Malawi nimepita, hilo ni kweli, lakini nilichotoka nacho ni homa. Mama yako alipoolewa alikuja kutoka Ruangwa na kijiti kimoja, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, amekifunga kwa kipande cha kanga kilicholowa. Alikikata kwenye mti wa bibi yake. Akakipanda pale maji ya kuoga yanapopita. Mimi nilisimama mlangoni nikamcheka. "Mke wangu, tumekosa mikorosho mpaka tunapanda fito?"

Akaendelea kushindilia udongo kwa kisigino. Ana tabia hiyo, utaiona. Msimu wa pili ile fito ilikuwa imenipita kichwa.

Sasa wewe unanijua mimi kama Bwana Forosadi. Ungeniona wakati ule! Mimi ni mtoto wa mikorosho, nilidhani kila mti duniani ni mkorosho uliovaa nguo nyingine. Nilipoona majani yamepata weupe kidogo nikachukua pampu ya kupulizia, nikaupiga salfa, ile dawa ya kiberiti, kama ninavyopiga shambani. Mama yako akatoka na sufuria. "Unafanya nini?" Nikamwambia ninaokoa mavuno. Akachuma forosadi moja, akaitia mdomoni, akatema. "Tutakula kiberiti mwaka huu," akasema, akarudi jikoni. Na tulikula kiberiti.

Mwaka uliofuata nikaziacha zianguke zenyewe. Si ndiyo tulivyozoea? Korosho haichumwi, korosho inaokotwa. Ukiitungua juu imekuwa changa, ikiwa tayari itakuja chini yenyewe na bibo lake. Nikatandika turubai, nikakaa kwenye kiti nasubiri. Ndege wakala juu, kuku wakala chini, siafu wakachukua kilichobaki, na mimi nimekaa katikati na bakuli tupu. Mama yako akaja, akanishika mkono kama mtoto, akaupandisha kwenye tawi. "Iguse tu. Ikiwa tayari itakuachia yenyewe. Ikikataa, usilazimishe, rudi kesho. Lakini lazima uende. Haikufuati kwenye kiti."

Unayakumbuka maneno hayo? Ni mimi niliyekuambia ukiwa darasa la kwanza, nikasema nimeyapata kwa mzee mmoja wa Kongo. Na siku ile ulipomwaga forosadi kwenye shati jeupe, asubuhi ya mtihani, ukalia mpaka ukakwama pumzi, nikachuma zile changa za kijani, nikasugua doa mpaka likafifia, nawe ukanitazama kama mganga. Hiyo nayo ni ya mama yako. Juisi na ndimu, ya kwake. Kuchanganya nyekundu chache kwenye nyeusi ili utamu usikinai, ya kwake. Naudhika hata kuandika. Kila nilichokufundisha chini ya mti ule kina mwenyewe, na mwenyewe yupo Ruangwa.

Sasa nitakuambia alivyofika huko.

Ilikuwa Idi, wewe una miaka mitano, bibi yako amekuchukua Marambo ukashinde na binamu zako. Nyumbani walikuja wageni: tajiri wangu wa zamani wa malori na madereva wenzangu wanne, watu waliotembea kweli. Mama yako akaweka sinia la forosadi. Mmoja akauliza, "Hizi mmezitoa wapi?" Ulimi wangu ukaondoka bila dereva. Malawi, kopo, mpaka, kila kitu, nilikitunga palepale. Walifurahi, wakanipiga mgongoni. Mama yako akaja na maji ya kunawa, na tajiri akamwambia, "Shemeji, umeolewa na msafiri!"

Akacheka. Alicheka vizuri tu, hana ubaya. "Malawi ipi, shemeji? Fimbo hiyo nimeikata kwa bibi yangu Ruangwa. Huyu alikuwa anaipiga salfa."

Wakaangua kicheko. Kicheko chenyewe hakikuwa kirefu, mara wakahamia habari za matairi. Lakini mimi nilibaki palepale. Nilikaa na wageni mpaka wakaondoka, nikitabasamu meno yote, na kesho yake alfajiri nikachukua panga nikaukata mti ule mpaka usawa wa goti.

Mama yako alitoka na ndoo ya maji. Akatazama matawi chini, forosadi mbichi zimetapakaa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Ulikuwa unatia giza bafuni."

"Haya," akasema.

Aliweka ndoo chini taratibu, maji hayakumwagika hata tone. Kabla jua halijachomoza sawasawa alikuwa ametoka na furushi lake.

Wewe ni mtoto wa huku, hili sihitaji kukufafanulia sana. Unajua mtu anaweza kuuza shamba na mikorosho iliyomo ikabaki ya aliyeipanda mpaka izungumzwe yenyewe. Unajua wanandoa wakiachana wazee wanapita mti kwa mti, huu wa nani, huu wa nani. Mti wa mtu hautiwi panga. Ukiutia, umemwambia mwenyewe kwamba hapa hana mzizi, aende. Mimi nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Sikutaka aondoke, Somoe, wallahi. Nilitaka kumfinya kidogo tu, aumie kama nilivyoumia mimi. Lakini sikutumia kidole, nilitumia panga.

Siku ya nne akaja mjomba wako, kaka yake, kuchukua vyombo. Akaenda moja kwa moja kwenye kisiki, akakizunguka. Mimi badala ya kupiga magoti nikamwambia, kwa kiburi changu chote, "Shemeji, mti huu utachipua tu."

Akasema, "Mti ndiyo."

Alimaliza kupakia vyombo. Alipouliza habari yako, nikasema mtoto atasoma hapa, haendi popote. Hilo nalo ni langu, liweke kwenye orodha.

Halafu nikasubiri. Nilimsubiri mama yako arudi mwenyewe! Nimekaa kwenye kiti changu mwaka mzima, mtu niliyefundishwa kwa kushikwa mkono kwamba haikufuati kwenye kiti. Baadaye nilisikia kwamba mwaka ule wote alikuwa hajadai talaka kwa sababu alifikiri nitakwenda. Kisha akaidai, nikaitoa, akaolewa na yule seremala. Mtu mwema. Miaka yote hii nimemtafutia kasoro, nimepata moja tu, anashabikia timu mbovu.

Na mti? Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mvua za kwanza tu, kisiki kikafumuka kama nywele za kichaa, na kila chipukizi likabeba. Hatujawahi kuona forosadi kama zile. Kumbe mforosadi ndiyo tabia yake, ukiukata unazaa kwenye matawi mapya! Mama yako alikuwa akiupunguza kila mwaka kwa adabu, na mimi nilidhani anatafuta kuni. Sasa nimeukata kwa hasira na unanizawadia. Watoto wa jirani wote midomo ya zambarau. Mwalimu mkuu akaja. Bwana shamba akaja, akarudi na wakulima kumi na wawili kutoka Marambo, wakasimama duara. "Mzee, siri yako ni nini?"

Nikakunja mikono kifuani. "Kukata," nikasema. "Unakata bila huruma."

Wakaandika! Kwenye madaftari! Tangu siku hiyo mimi ni Bwana Forosadi, na kila mwaka wanakuja kunitazama ninavyokata, na kila mwaka napandisha panga lile huku nikisikia "Umemaliza?"

Wewe ukakua ukijivunia. Ukaniuliza mama aliondoka kwa nini, nikasema vumbi la Nambambo lilimshinda. Kana kwamba Ruangwa wametandika mazulia barabarani! Ukamuuliza yeye pia, kila Idi ulipokwenda kumsalimu, na kila Idi ulirudi na jibu moja: "Amesema nikuulize wewe." Na mimi nikarudia vumbi. Miaka kumi na minne, Somoe, mwanamke huyu angeweza kusema sentensi moja tu akanimaliza. Hakusema. Amenitunzia jina mdomoni mwako huku nikilitumia kumwambia mtoto wake kwamba ameshindwa na vumbi. Ananiudhi! Angenitukana tungekuwa tumemaliza zamani.

Sasa unaona kwa nini jana nilikodoa macho. Kesho ungeshuka stendi, ungempa vijiti na kusema, zawadi hii, mti wa Baba, wa Malawi. Yeye angepokea kwa mikono miwili, angesema asante mwanangu, na asingekusahihisha. Namjua. Angeupanda mti wa bibi yake mwenyewe uani kwake kama sadaka yangu. Na bibi yule alishakufa, na mti wake uliondolewa walipobomoa nyumba ya zamani. Huu wetu ndio uliobaki. Nimesema huu wetu. Unaona ulivyo huu ulimi? Huu wake.

Leo ulipoondoka nimejaribu kusema ukweli, nione unaendaje. Jirani yetu Mzee Issa alikuja kuomba vijiti. Nikamwambia, "Chukua, lakini ujue mti huu si wangu, ni wa mama yake Somoe, mimi niliukata kwa hasira." Mzee Issa akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana Forosadi, leo umetoa mpya! Hii nzuri kuliko ya mswaki!" Akaondoka na vijiti vyake anafuta machozi. Nimebaki nimesimama kama mlingoti. Nimekuwa mkweli mara moja katika maisha yangu, na nimeshangiliwa.

Nimekuwa nikifikiri nikupe nini cha kuondoka nacho, nimeona sina ila hicho kilichonipata. Una ulimi wangu. Nilikusikia juzi ukiwasimulia wenzako jinsi ulivyopata kazi, na ile sehemu ya mkaguzi kusimama na kukupigia makofi haikuwepo mara ya kwanza uliposimulia. Sikatazi. Dunia bila chumvi haina ladha, na mimi nimekula bure katika miji saba kwa sababu ya hadithi. Ila chumvi yangu niliitia kwenye chungu cha mtu, halafu mwenye chungu aliposema ni chake, nikakivunja. Hapo tu. Ukifika hapo, kubali kuwa ni cha mwenyewe; hata kama wameshaanza kukucheka, waache wacheke. Kicheko kinapita. Mimi sikujua kwamba kinapita.

Nimefungua kiroba chako. Nimetoa majani yote, nimekata upya ncha ya chini kwa mshazari, nimevifunga kwa kitambaa kilicholowa. Viko tisa sasa, vitatu ulivipondaponda kama unachanja kuni, sijui ulijifunza kwa nani. Juu ya bahasha nimeandika usiisome ukishafika. Isome ndani ya basi, na uimalize kabla hujaanza kuona nyumba za Ruangwa.

Usiniombee msamaha. Usithubutu. Wala usimwambie baba anasikitika, baba amelia, baba amekonda. Saa sita mchana nimempigia simu mjomba wako. Sikuwahi kumpigia tangu aondoke na vile vyombo. Nilimwambia nataka kuja Ruangwa kusema jambo mbele yake, mbele ya mama yako na mumewe, na mbele ya jirani yeyote atakayetaka kusikia, maana nililoliharibu lilianzia mbele za watu. Aliniuliza mara mbili kama ni mimi kweli. Kisha akasema, "Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala. Na shemeji, uje na maneno machache."

Nayapunguza tangu saa hiyo. Nilikuwa na mengi sana, sasa yamebaki kama sita hivi.

Kama ukimaliza kusoma hutaki kuongea na mimi, nitaelewa. Nitalalamika kwa shangazi yako, lakini nitaelewa. Kama siku hiyo ya Ijumaa hutaki kukaa chumba kimoja na mimi, nenda kwa rafiki zako, sitauliza. Ila kesho stendi, kabla ya salamu ndefu, kabla mama yako hajakupokea begi, mpe vile vijiti. Sema, "Mama, vijiti vyako hivi." Basi. Usiongeze kitu. Najua ulimi utakuwasha. Ung'ate.

Baba yako